Taji la Tusker na gitaa la Mji Kasoro Bahari

Mara sita shindano la Tusker Project Fame lilisaka bingwa wa kuimba Afrika Mashariki kupitia televisheni, na mara zote sita Tanzania ilitoka mikono mitupu. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Wakafuata Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda na Ruth Matete wa Kenya, hadi Hope Irakoze wa Burundi alipofunga hesabu mwaka 2013. Aliyelikaribia taji kwa upande wetu ni Peter Msechu, mshindi wa pili wa mwaka 2010.

Ni rahisi kuzilaumu kura za simu. Morogoro, Mji Kasoro Bahari, ina jibu zito zaidi.

Katika mji huu ulioegemea milima ya Uluguru, muziki ulishindaniwa miongo mingi kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ziligombea mashabiki wale wale, kila moja na mtindo wake. Salum alipofariki mwaka 1965, Juma Kilaza akashika usukani wa Cuban Marimba. Upande wa pili akachomoza kijana Mbaraka Mwinshehe, gitaa la solo mkononi, akiimba na kupiga kwa wakati mmoja mbele ya watu waliokuja kucheza. Hapakuwa na jaji. Bendi iliyolegea iliona ukumbi ukipwaya wakati ule ule, na wiki inayofuata ilibidi irudi na kitu kipya.

Ushindani huo ndio uliowanoa. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka akaunda Super Volcano, na alipofariki Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, alikuwa na miaka 34 tu. Nyimbo zake zinapigwa redioni mpaka leo.

Kipaji hakijakauka: mwaka 2004 rapa Afande Sele, mtoto wa Morogoro, alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes. Kinachokosekana ni magitaa, ngoma na jukwaa la kila wiki kwa vijana. Manispaa ya Morogoro na wafanyabiashara wake waanzishe shindano la bendi za vijana, zipigwe ala kweli kweli, na lipewe jina la Mbaraka Mwinshehe.