'Diski imejaa': Diski ipi kati ya tatu?

Mtu anayehudumia seva akikwambia, "Diski imejaa," usikimbilie kununua nyingine. Muulize kwanza: diski ipi? Neno hili limebebeshwa dhana tatu tofauti, na kila moja hujaa kivyake.

Ya kwanza ni ile unayoweza kuishika mkononi, iliyochomekwa katika mtambo wa kuhifadhi data. Mtambo huziunganisha diski nyingi ziwe ghala moja, kisha hulikata ghala hilo vipande ambavyo seva huviona kana kwamba ni diski kamili. Hiyo ndiyo ya pili. Ya tatu ni diski ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Diski yake kwa kawaida ni faili tu.

Hiyo ya pili wataalamu huiita volyumu. Ukiitafsiri kwa pupa utapata "ujazo" au hata "sauti". Mimi naona "juzuu" inafaa zaidi. Juzuu ni sehemu ya kitabu yenye jalada lake. Huazimwa peke yake na hunakiliwa peke yake. Mtambo nao, aghalabu, haujui ndani ya juzuu mna mashine ngapi. Ukiuamuru upige picha ya data, hupiga juzuu nzima.

Hapo ndipo mpangilio unapokuwa na uzito. Chukua chuo chenye mashine pepe ya matokeo ya mitihani. Diski yake moja ina hifadhidata, nyingine ina daftari la miamala. Kila badiliko huandikwa daftarini kwanza, ndipo majedwali yaguswe. Msimamizi aliyefunzwa zamani ataziweka diski hizi katika juzuu mbili, ati kasi iongezeke. Enzi zile alikuwa sahihi, kwani kila juzuu ilikaa kwenye diski zake halisi. Mitambo mingi ya leo hutawanya juzuu zote juu ya diski zilezile, kwa hivyo kasi hiyo huenda asiione kamwe.

Hatari, hata hivyo, ataiona. Tuseme picha ya daftari imepigwa saa nane kamili usiku, na ya hifadhidata sekunde tano baadaye. Siku ya kurejesha data, majedwali yatakuwa na alama ambazo daftari halizijui. Hifadhidata itagoma kufunguka, au mbaya zaidi, ifunguke ikiwa na kasoro. Basi diski hizo zikae katika juzuu moja, au juzuu zake zifungwe katika kundi linalopigwa picha kwa mpigo mmoja. Mitambo mingi inaruhusu hilo. Ni kusahau tu.

Je, tutie kila kitu katika juzuu moja tupumzike? La. Wasimamizi huahidi mashine nafasi kubwa kuliko iliyopo, wakitumaini hazitaidai zote kwa pamoja. Juzuu ikijaa, kila mashine iliyomo inayotaka nafasi mpya husimama, iwe ya mitihani au ya menyu ya mkahawa. Aidha, kuna diski za data ya muda tu, inayoandikwa na kufutwa mchana kutwa. Ikipigwa picha, mtambo hulazimika kutunza takataka za jana na juzi. Hizo zipewe juzuu yao isiyopigwa picha.

Kuipa kila diski juzuu yake nako kuna mpaka: seva ya VMware toleo la 6.0 ilitambua juzuu 256 tu, na 6.5 ikafikisha 512. Toleo hilo la 6.0, la mwaka 2015, ndilo lililoleta utaratibu wa diski pepe kujulikana na mtambo moja kwa moja, mradi mtambo wenyewe uukubali.

Tukirudi kwa mhudumu wetu: ikiwa iliyojaa ni diski ya mashine, aisafishe au aipanue. Ikiwa ni juzuu, aipanue, au ahamishe mashine moja hadi juzuu nyingine. Ikiwa ni ghala lenyewe, hapo ndipo mtoe pesa.