Mvumo wa Nyuki Katika Gitaa la Mjomba

Nilishuka Rombo na mfuko mmoja begani, na kijana aliyetumwa kunipokea akaniuliza iko wapi hiyo pikapu ambayo mjomba ameitangaza wiki nzima. Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa kijisanduku kidogo chenye nyaya mbili mwishoni, kimeenea katika kiganja cha mkono. Kijana akacheka hata akaketi chini, kwani alikwisha kupanga magunia ya vitunguu ya kupakia.

Ndugu msomaji, Rombo ninayoisema ni ile ya Kenya, katika Kajiado, kwenye njia itokayo Taveta kwenda Loitokitok, wala si Rombo ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Na pikapu ninayoisema ni kile kifaa kikaacho chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ukaenda kwenye amplifaya, na huko ndiko sauti hukuzwa. Ndiyo sababu mpiga udi hana haja nayo. Nyuzi za nailoni hazina chuma, na sumaku haizitambui.

Mjomba wangu alipiga gitaa katika mahoteli ya pwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Wageni wakila kamba na samaki, yeye yuko pembeni chini ya mnazi, anapiga taratibu pasipo mtu kumtazama. Alipostaafu alihamia Rombo kwa watu wa mkewe, akalima nyanya kwa maji yatokayo mlimani. Gitaa lake, la tumbo wazi na kifua kilichobinuka, alikwenda nalo.

Mombasa gitaa lile lilivuma kidogo, kwa kuwa pikapu yake ni ya msokoto mmoja. Rombo, nyumba yenye umeme wa jua, inveta ya bei nafuu na taa za mrija, lilinguruma kama mzinga wa nyuki. Mjomba akalivumilia mwezi, akalivumilia wa pili, kisha akalifungia katika sanduku lake. Mwaka ukapita. Hatimaye mkazamjomba akanipigia simu, mimi niliye fundi wa radio Majengo, akasema maneno machache tu: "Mjomba wako amenyamaza. Njoo utazame." Aliyemjua mtu yule zamani ataelewa kwamba si gitaa peke yake lililokuwa limenyamaza.

Sababu ya mvumo si siri. Msokoto wa waya hunasa kila kitu kipitacho hewani, kama antena. Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mageuko hayo huingia katika pikapu yakatoka katika spika. Inveta duni ni balaa zaidi, kwa maana umeme wake hauna wimbi laini bali huruka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina kelele yake.

Dawa yake ilipatikana Kalamazoo, Marekani, katika kampuni ya Gibson. Fundi mmoja, Seth Lover, aliomba hataza mwaka 1955, magitaa yakaanza kuuzwa na kifaa chake mwaka 1957, na hataza yenyewe ikatoka 1959. Aliweka misokoto miwili badala ya mmoja, akaiunganisha kinyume, na ncha za sumaku akazielekeza kinyume vilevile. Mvumo ukiingia katika yote miwili, mmoja unasema ndiyo na wa pili unasema siyo, zikafutana. Sauti ya uzi, kwa sababu ya ncha zile zilizogeuzwa, haifutani bali hujumlishwa. Wamarekani wakakiita hambaka, yaani kipinga mvumo. Ray Butts naye alitengeneza cha namna hiyo miaka hiyohiyo, kikatumiwa na kampuni ya Gretsch.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilidhani hambaka ni hambaka. Muuzaji mmoja mjini akanionyesha yenye nguvu kuliko zote, sumaku ya kauri, waya mwingi, kipimo kama kilo-omu 15. Mimi fundi wa radio nikapendezwa na nguvu. Nikasafiri, nikaifunga, mvumo ukapungua sana. Mjomba akapiga sauti mbili tatu, akanyamaza, akapiga tena.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Lakini hili limekuwa gitaa la kijana mwenye hasira."

Akalirudisha katika sanduku. Nilirudi Mombasa na aibu yangu, na fedha zimekwenda.

Inanibidi nifafanue alichokuwa akikitaka, kwa maana neno jazi limetuchanganya wengi. Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, Dar es Salaam Jazz, zote hizo zilikuwa bendi za dansi. Gitaa la solo la dansi lazima lipenye juu ya ngoma, saksafoni na miguu ya watu, na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki hapa Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari, alilipenyeza kama wembe. Sauti hiyo ni halali kabisa, na mimi naipenda kuliko ile ya mjomba. Yeye alikuwa na kina Wes Montgomery kichwani, aliyepiga kwa kidole gumba juu ya Gibson L-5, na Joe Pass na ES-175 yake. Hiyo ni sauti nene, ya mviringo, kila noti imevikwa kitambaa. Aliyelelewa na udi wa taarab haimshangazi. Udi nao husema kwa kifua, si kwa meno.

Niliporudi safari ya pili nilikuwa nimejifunza. Hambaka za kwanza za Gibson zilikuwa na mizunguko kama 5,000 kwa kila msokoto, ya waya usiofika sehemu ya kumi ya milimita kwa unene, na kipimo chake aghalabu ni kati ya kilo-omu 7 na 8 na nusu. Ni dhaifu mbele ya ile niliyoinunua, na udhaifu huo ndio unaotakiwa. Kadiri waya unavyozidi, sauti za juu hufifia na zile za katikati hujazana, na amplifaya husukumwa mpaka ikakwaruza. Mpiga roki hufurahi. Mpiga jazi anataka kifua kinene, naam, lakini kila noti ya kodi isikike mbalimbali, isiwe uji.

Sumaku nayo ina neno lake. Nilichagua alniko namba 2, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, iliyo laini kuliko namba 5 itumiwayo na wengi. Nikaitafuta iliyotengenezwa kwa umbo la pikapu ya zamani, kwani hambaka ya kawaida ni pana, na mjomba alikwisha kuapa kwamba mbao ya gitaa lake haikatwi na patasi ya mtu yeyote, hata mwana wa dada yake. Nikaifunga upande wa shingo, ambako uzi hutikisika kwa upana na sauti ni nene. Nikaishusha hata pakawa na nafasi ya milimita tatu hivi chini ya nyuzi. Vitasa vya sauti nikaweka vya kilo-omu 500. Vya 250 vingeizima mno. Nyuzi nikamletea zile zenye waya bapa juu, zisizokwaruza chini ya vidole.

Mjomba alinitazama nikilehemu, akanitupia swali lililonikaa moyoni. Fundi Konde, akasema, mtoto wa Giriama, nyimbo zake zilizokusanywa katika ile *Retrospective* ni za 1947 hadi 1956. Hambaka zilikuwapo madukani? Nikasema hazikuwapo. "Basi zile kodi nzuri zilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu, wala sina hata leo isipokuwa kusema kwamba zilitoka mkononi. Charlie Christian alifanya yake kwa gitaa la Gibson la 1936 lenye msokoto mmoja, na akafa 1942 hajafika miaka 26. Nadhani wauzaji hawapendi tuyakumbuke haya. Lakini mikono yake Fundi Konde haikukaa nyumba moja na inveta.

Jioni, baada ya sala ya isha, tukawasha. Mvumo ukawapo bado! Mdogo, lakini upo, na mjomba akaanza kutazama sanduku. Nikageuza gitaa huku na huku, haukubadilika, nikajua hautoki katika pikapu. Hambaka huzuia unaoingia kwa njia ya hewa, haizuii unaopanda kwa waya wa umeme. Nikaenda nyuma ya nyumba na tochi. Nyumba haikuwa na erthi. Waya ulikuwapo, umekatika ukutani, haukufika popote. Jambo hilo ni hatari kuliko kelele, maana nyuzi za gitaa zimeungana na amplifaya, na siku itakapoharibika ndani, mpigaji ndiye erthi.

Asubuhi tukapigilia fimbo ya shaba ardhini karibu na mfereji, kijana wa magunia akishika na mimi nikipiga nyundo. Tulipowasha tena hapakuwa na kitu isipokuwa kuku wa jirani. Mjomba akapunguza toni hata nusu, akaanza taratibu kwa kidole gumba. Mkazamjomba alikuwa akichambua mchele mlangoni. Hakuinua uso, lakini mikono yake ilisimama juu ya ungo.

Kiangazi ardhi ya pale hukauka ikapasuka, na erthi kavu haifai. Kwa hiyo kijana yule amepewa kazi ya kuimwagia fimbo ndoo mbili za maji kila Ijumaa asubuhi. Ameomba alipwe.