Turbo: Mtambo Uipao Injini Pumzi

Wasomaji wengi wameona neno "Turbo" limeandikwa nyuma ya magari, nao hudhani kuwa maana yake ni mwendo wa kasi tu. Yafaa tueleze maana yake halisi, kwa kuwa mtambo huu una faida kubwa, tena una hatari kwa asiyeutunza.

Jina la Kariokor latokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Siku hizi mizigo mingi huchukuliwa na magari. Lakini gari ni kama mchukuzi: bila pumzi halifiki. Petroli wala dizeli haiungui bila hewa, na hewa ya Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni nyepesi. Silinda ivutayo vipimo sita vya hewa kule Mombasa, hapa Kariokor hupata kama vitano tu. Ndiyo sababu injini isiyo na turbo, iliyokuwa na nguvu pwani, huchoka ipandapo Limuru.

Dawa ya udhaifu huo ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905. Aliona kuwa moshi wa injini hutupwa bure, ingawa bado una joto na nguvu. Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Moshi ukitoka kwa nguvu hulizungusha gurudumu la kwanza, kama upepo uzungushavyo pangaboi. La pili huzunguka pamoja nalo, likavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila atiaye baiskeli upepo kwa pampu. Kwa hiyo katika magari mengi hupozwa kwanza katika chombo kifananacho na rejeta. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa.

Nguvu hiyo ilionekana wazi mwaka 1984, Björn Waldegård wa Uswidi aliposhinda Safari Rally hapa Kenya kwa Toyota Celica yenye turbo.

Sasa tutaje hatari. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na upande wake mmoja waunguzwa na moshi. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oili. Basi mwenye gari ashike mambo matatu. Kwanza, abadilishe oili na vichungi kwa wakati, wala asinunue oili asiyoijua kwa kuvutwa na bei. Pili, akiwasha injini asiikanyage mara moja. Aiache kidogo mpaka oili ifike juu. Tatu, baada ya kupanda mlima na mzigo mzito, asizime ghafula. Injini ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, turbo ipoe.

Tena aangalie moshi. Moshi mweusi mwingi huweza kuonyesha kuwa hewa haitoshi. Pengine kichungi kimeziba au mpira wa hewa umepasuka. Moshi wa buluu waonyesha kuwa oili inaungua. Katika injini ya dizeli jambo hili si dogo: turbo iliyochakaa huweza kuvujisha oili katika njia ya hewa, injini ikaila oili hiyo kama mafuta, ikakimbia yenyewe hata baada ya ufunguo kuzimwa, mpaka ivunjike.

Basi mwenye matatu aonaye moshi wa buluu asiseme, "Nitamaliza kwanza safari za leo." Na alisimamishe gari, amwite fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.