Ndoa Haikomi kwa Saratani ya Mlango wa Kizazi



Wapo kina mama wa kwetu, Kagondo na Muleba yote, waliolazimika kusafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi. Wakirudi, jumuiya huwapokea kwa sala na shukrani. Lakini liko jambo tusilolisema: namna ugonjwa ulivyoigusa ndoa yao. Mke huficha maumivu kwa aibu. Mume huona amekataliwa.

Tuelewe kwanza yanayotokea. Mionzi yaweza kuufanya uke uwe mkavu na mfinyu, na kwa mama ambaye bado anapata hedhi, mara nyingi huikomesha mapema. Uchovu na huzuni hufuata. Ndiyo maana tendo la ndoa laweza kuuma. Si kwamba mke ameacha kupenda. Tena saratani haiambukizi, wala mionzi haibaki mwilini mwa mke imdhuru mumewe.

Msaada upo. Wanandoa wangoje hadi daktari aruhusu. Mhudumu wa afya ataeleza juu ya vilainishi vya maji na vifaa vya kuzuia uke usizibe. Kuvitumia kwa ajili ya tiba si dhambi. Damu ikitoka baada ya tendo, mama arudi hospitali bila kuchelewa.

Je, ikiwa kizazi kimeondolewa, ndoa bado ni ndoa? Ndiyo. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa yatamka kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Naye Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba tendo la wanandoa hubaki halali hata uzazi usipotarajiwa kwa sababu isiyotokana na utashi wao. Basi mume asimrudishe mke kwao, wala asitafute mwingine.

Mtume Paulo afundisha kwamba wajibu wa ndoa ni wa pande zote mbili (1 Kor 7:3-5). Haudaiwi kwa nguvu. Enyi waume, mliahidi uaminifu katika magonjwa na afya. Wasindikizeni wake zenu kliniki, waulizeni panapouma, ngojeni kwa upole. Nanyi kina mama, msione haya kusema.

Mungu azijalie familia zetu uvumilivu na upendo. Amina.