Gharama za masomo ya udaktari katika Pwani ya Tanzania

Gharama za masomo ya udaktari kwa vijana wa Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam ni pamoja na ada, malazi, chakula, nauli na vifaa vinavyohitajika katika miaka mitano ya shahada ya udaktari wa tiba na mwaka mmoja wa utarajali unaofuata. Ada ndiyo inayotajwa kwanza, lakini mara nyingi siyo inayomkwamisha mwanafunzi. Shida kubwa zaidi ni kwamba fedha hufika wakati tofauti na ule zinapohitajika, tena kozi yenyewe ni ndefu kuliko nyingine nyingi.

Umbali

Mji wa Bagamoyo uko takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Una hospitali ya wilaya na kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara, kilichoshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Hata hivyo, anayetaka shahada ya udaktari hulazimika kuhama. Chuo cha umma kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopo Upanga. Kati ya vyuo binafsi kipo Chuo Kikuu cha Kairuki, Mikocheni, kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa jina la Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Wengine huenda Moshi, Mwanza au Dodoma.

Kwenye ramani, Upanga si mbali. Mtu anaweza kupanda gari asubuhi Bagamoyo, akapita Mapinga, Bunju na Tegeta hadi Makumbusho, kisha akaunganisha. Lakini mwanafunzi anayetakiwa wodini asubuhi na mapema, na siku nyingine kukesha zamu, hawezi kufanya hivyo kila siku. Akikosa nafasi kwenye bweni la chuo hupanga chumba mtaani, ambacho vijana hukiita geto, na wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Historia

Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo Watanganyika waliotaka udaktari walisomea nje, hasa Makerere, Uganda. Katika miongo ya kwanza ya uhuru serikali iligharamia masomo ya chuo kikuu. Kusoma bure hakukukosa masharti: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara, na Rais Julius Nyerere akawarudisha nyumbani takriban 400. Uchangiaji wa gharama ulianza miaka ya 1990. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipitishwa mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi mwaka uliofuata.

Mkopo na majira ya fedha

Mkopo wa Bodi hugawanywa katika mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata mafungu yote, wala si kila fungu hutolewa kwa ukamilifu. Chuo binafsi kikitoza ada iliyo juu ya kiwango cha Bodi, tofauti hulipwa na familia. Fedha za chakula na malazi, maarufu kwa jina la bumu, zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Hutolewa kwa awamu, na zikichelewa mwanafunzi huanza kukopa kwa wenzake na kwa mama lishe.

Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa kaya ya mvuvi huu si wakati mzuri. Upepo wa kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka katikati ya kipindi hicho, na akiba hupungua. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa naye hutegemea zaidi mavuno ya kuelekea mwisho wa mwaka. Ndiyo maana fedha za kuanzia, yaani usajili, godoro, koti jeupe na bima ya afya, mara nyingi hutoka kwenye vikoba, michango ya ukoo, au kuuza mbuzi. Ada inaweza kulipwa kwa awamu. Mwenye nyumba hangoji.

Tangu 2022 kuna pia ufadhili wa Samia kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu zaidi masomo ya sayansi, tiba ikiwemo. Ni msaada mkubwa, lakini ni kwa wachache wenye alama za juu kabisa.

Miaka ya wodini

Katika fani nyingine mwanafunzi anaweza kufanya biashara ndogo au kufundisha masomo ya ziada jioni. Mwanafunzi wa udaktari, hasa kuanzia mwaka wa tatu, hupata nafasi hiyo kwa shida. Wakati huohuo matumizi huongezeka: stetoskopu, bando la intaneti, nauli ya kwenda hospitali nyingine kama Mloganzila, upande wa barabara ya Morogoro. Kufeli nako kuna bei, kwa sababu mkopo wa mwaka unaofuata hutolewa kwa aliyefaulu mitihani ya kumvusha.

Utarajali na marejesho

Baada ya mwaka wa tano mhitimu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja akilipwa posho, kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Posho hiyo ikichelewa, daktari mwenye wagonjwa anaowahudumia hukosa nauli ya kufika kazini. Mgogoro wa madaktari wa Januari 2012 ulianzia kwa watarajali wa Muhimbili waliodai posho zao. Nchini Kenya, malipo ya watarajali yalikuwa kiini cha mgomo wa siku 56 mwaka 2024: serikali ilitaka kulipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, chama cha madaktari kikashikilia 206,000 za makubaliano ya 2017.

Baadhi ya familia huchagua njia fupi, yaani stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, ili kijana aanze kazi mapema na pengine asomee udaktari baadaye. Kuanzia 2023/2024 mikopo ya Bodi imefika pia kwa baadhi ya stashahada, zikiwemo za afya.

Aliyekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa mwaka 2016. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 kwa wachelewaji zilifutwa mwaka 2021. Makato huanza mtu anapoajiriwa, na ajira ya serikali siku hizi haitoki moja kwa moja kama zamani. Nafasi hutangazwa, na waombaji ni wengi. Nyumbani wanaomsubiri huwa ni wadogo zake, ambao ada zao ziliahirishwa ili yeye amalize.