Rangwi: Mteremko Uliojijengea Ngazi

Mgeni anayefika Rangwi kwa mara ya kwanza huuliza swali moja kabla hata salamu hazijaisha: wanaolima kule juu, husimama wapi?

Ana haki ya kuuliza. Kata hii ya Wilaya ya Lushoto imejikunja ndani ya Usambara Magharibi, milima ambayo vilele vyake hupita mita 2,000, na ardhi tambarare humo ni adimu kama nyama mezani mwisho wa mwezi. Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae hulala hapa, katika nyumba ya masista, wakikanda miguu iliyokufa ganzi. Mwenyeji huwapita njiani na mzigo kichwani, akawatupia salamu ya mchana, "Onga mshi", bila dalili yoyote ya kuhema.

Jibu la swali la mgeni ni kwamba wanasimama juu ya ngazi, na ngazi yenyewe imejengwa na mlima.

Sogea karibu na shamba mojawapo. Utaona mstari wa majani ya guatemala, marefu kumpita mtu, umekata mlima kwa ubavu kutoka mpaka hadi mpaka. Upande wa juu wa mstari huo udongo umelala karibu sawasawa, mzito, umejaa. Upande wa chini umekatika ghafla, kimo cha goti au zaidi. Hakuna aliyeubeba udongo ule kwa karai. Mvua iliushusha ikitaka kuupeleka mtoni, ukakwama kwenye mizizi ya majani. Msimu uliofuata ukakwama mwingine, na mwingine, mpaka palipokuwa na mteremko pakawa na kipande cha kusimama na jembe. Nguvu ile ile iliyokuwa inafilisi shamba ndiyo iliyolitengeneza. Kazi ya mkulima ilikuwa kuchagua mahali pa kuikingia.

Mbinu za aina hii zimeenea Afrika Mashariki. Upo mfereji uliozoeleka Ukambani, Kenya, ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ili mvua imalizie kazi ya kusawazisha. Wataalamu wa udongo wa dunia nzima, hata katika vitabu vya Kiingereza, wanauita kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu.

Tumezoea kuhubiriana kwamba shida ni ukuta wa kuruka, na anayeshindwa kuruka ni mvivu. Rangwi inafundisha somo jingine, nalo lina sharti. Shida inaweza kugeuka mtaji, ila anayeigeuza lazima awe yule anayeishi nayo. Milima hii ilishuhudia sharti hilo likivunjwa, ikaona pia kilichofuata.

Matuta ya amri

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, jirani na Rangwi, na baadaye ukatandazwa Usambara. Hoja yake haikuwa ya kijinga, maana udongo ulikuwa unakwenda kweli. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, miteremko mikali ikafungwa isilimwe, mifugo ikawekewa masharti, na mkaidi akapigwa faini.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Shambani, kazi ya kuinua matuta iliwaangukia zaidi wanawake, juu ya kuni, maji na watoto waliokuwa nao tayari. Mwenye kipande kimoja tu, nacho kiko kwenye mteremko uliofungwa, aliambiwa akiache bila kuonyeshwa kingine. Wengine wakanong'ona kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wakagoma, na chama cha TANU kilipopanda milimani kilikuta manung'uniko yameshaiva. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango ulikuwa umekufa.

Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa serikali ya Tanzania kwa msaada wa Ujerumani. Adui alikuwa yule yule. Lakini safari hii kinga ya udongo ilikuwa pia chakula cha ng'ombe. Mama anayekata guatemala jioni kwa ajili ya zizi hawazi mmomonyoko. Anawaza maziwa ya asubuhi. Samadi inarudi shambani, majani yanachipua, udongo unabaki. Mradi ulikuwa na masharti yake, likiwemo la kuzuia ng'ombe kuzurura, na si kila mtu aliupokea: hata leo ipo miteremko iliyoachwa uchi. Walioupokea, hata hivyo, walipiga hesabu wenyewe na wakaona inalipa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bwana shamba wa 1946 alijua mvua inabeba udongo kiasi gani. Hakujua mwanamke wa Mlalo amebakiwa na saa ngapi za mchana.

Kigego aliyetawazwa

Wasambaa hawakungoja wataalamu wawafundishe somo hili la shida kugeuka mtaji. Wanalo katika simulizi ya ufalme wao, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mbegha, inasema simulizi hiyo, alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alikuwa mkosi ambao desturi ilitaka uondolewe mapema. Wazazi wakamkinga. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi na kumtwika lawama za vifo vya ukoo. Akaishia porini na mbwa wake, akiwinda nguruwe.

Pori likamfundisha kile ambacho kijiji kisingemfundisha. Alipopanda Usambara alikuta wakulima ambao nguruwe ni adui wa mashamba yao. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, akapokea vyakula vya shambani. Watu wakaanza kumletea na ugomvi wao auamue. Akaua simba, na huko Vuga wakamtawaza. Uzao wake, Wakilindi, ukatawala milima hii kwa vizazi. Mmoja wao, Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, alifikisha mamlaka yake hadi pwani.

Wasimuliaji hupenda kukaa kwenye simba. Mimi huvutwa na ule ugomvi ulioletwa kwake. Kwao Nguu kutokuwa na ukoo wa kumtetea kulikuwa hukumu. Kwa koo za mlimani zilizogombana, mtu asiye na ukoo ndiye pekee asiye na wa kumpendelea. Lile jeraha lenyewe ndilo lililomfanya aaminike. Na hakulificha kwa kujifanya mwenyeji. Alikuja kama mwindaji, na mbwa wake nyuma.

Nukta sita

Ukirudi kutoka Rangwi hadi mjini Lushoto, kisha ukasogea kidogo mpaka Irente, ambako wageni hupiga picha za tambarare ya Mazinde iliyo chini kabisa, utakuta shule ya msingi ya watoto wasioona, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri. Watoto wanasoma kwa vidole, kwa nukta nundu. Umeme ukikatika usiku, msomaji wa nukta nundu hana habari. Anayehangaika kutafuta tochi ni mwalimu anayeona.

Maandishi hayo yana historia inayofanana na ile ya matuta. Louis Braille, mtoto wa fundi ngozi wa kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, alijitoboa jicho kwa chombo cha baba yake cha kutobolea ngozi mwaka 1812, akiwa na miaka 3. Maradhi yakahamia jicho la pili. Shuleni Paris alikuta vitabu vya wasioona vilivyoandikwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi nene. Walivibuni watu wenye macho, na wenye macho walivipenda kwa sababu wao waliweza kuvisoma. Vilikuwa vizito, na kidole kilitambaa juu ya kila herufi kama konokono.

Ofisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, alileta wazo la kuandika kwa nukta, ila alitumia nukta 12, nyingi mno kwa ncha ya kidole. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, Braille alizipunguza hadi 6. Mwenye macho hufikiri herufi ni umbo. Kijana aliyezoea giza alijua kwamba kidole hunasa nukta upesi kuliko mistari ya herufi. Alichapisha mfumo wake mwaka 1829, na chombo cha kuuandikia ni kijiti chenye ncha, ndugu wa kile kilichomtoboa jicho. Shule yake iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya yeye kufa. Wenye kuona walihitaji robo karne kukiri kwamba asiyeona anajua zaidi yao namna ya kusoma gizani.

Hapa kwetu alikuwepo mchoraji aliyefanya vivyo hivyo, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alichukua hadibodi za mafundi ujenzi na rangi za kupakia baiskeli. Ubao wa futi 4 kwa 8 ukikatwa hutoa vipande 8 vya mraba, na mraba ukawa umbo la picha zake. Rangi ya baiskeli hung'aa na haipendi kuchanganywa taratibu, hivyo wanyama wake wakatoka na rangi kali zinazopiga kelele na mistari isiyo na haya. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mtindo uliozaliwa na uhaba wa vifaa unabeba jina lake hadi leo.

Shida si shule

Hapa pana mtego. Mtu akisoma habari za Mbegha na Tingatinga anaweza kutoka na imani kwamba umaskini ni baraka iliyojificha, na asiyefanikiwa hakujituma. Hiyo ni dharau kwa mkulima ambaye mvua moja imemshushia shamba lote bondeni. Vigego wengi hawakufika Vuga, waliuawa wachanga. Mtoto asiyeona ambaye hajapelekwa shule hana nukta nundu, ana giza tu. Mteremko bila majani haujengi ngazi hata ukingojewa miaka 100.

Kinachohitajika ni mbegu ya majani, na uhuru wa mwenye shamba kuamua mstari upite wapi. Mbegu inaweza kutoka nje: msaada wa SECAP ulitoka nje, wazo la nukta lilitoka kwa Barbier. Lakini mstari huchorwa na anayejua maji hupita wapi mvua inaponyesha usiku.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wale wanaoshika kalamu ya kupanga: ofisa wa halmashauri, mwalimu mkuu, mfadhili, hata mzazi mwenye mtoto mlemavu. Kabla hujatoa suluhisho, kaa chini na mwenye shida, umuulize ameshajaribu nini na kilimshinda wapi. Mlalo ya 1946 haikuulizwa, na miaka zaidi ya 10 ya matuta ikapotea bure.