Swali Si Windows Ipi

"Fundi, niweke Windows ipi ili programu yetu ya zamani ifunguke?" Nimeulizwa hivyo na makarani wa vyama vya msingi vya kahawa kule Maguu na Litembo, na watunza takwimu wa afya wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, na hata mtunza maktaba ambaye katalogi yake yote imo ndani ya CDS/ISIS, ile programu ambayo UNESCO iliigawa bure kwa maktaba tangu miaka ya 1980. Habari yao ni ileile. Kompyuta ya zamani imekufa, mpya imeletwa, folda imehamishwa kwa flashi, mtu amebofya, na skrini imemjibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Hapo ndipo simu yangu inapolia.

Jibu ni kwamba hakuna. Kwa kompyuta inayouzwa dukani leo, hakuna Windows ya kutegemewa utakayoiweka ambayo yenyewe, bila msaada, itafungua FoxPro ya DOS, Clipper, dBase III au Epi Info 6. Lakini jibu hilo halipendwi, kwa sababu mjini kuna dawa inayouzwa, na muuzaji wake ana uso wa kujiamini kuliko wangu.

Dawa hiyo inaitwa kompatibiliti. Unabofya kulia kwenye programu, unafungua kichupo chenye jina hilo, unatia tiki kwenye Windows 95 au XP, unabonyeza sawa. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ikigoma, huongeza hatua ya pili: kuifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi, kana kwamba programu ya mwaka 1993 imegoma kwa kukosa cheo.

Tiki hiyo hufanya nini hasa? Huidanganya programu. Programu ikiuliza iko kwenye toleo gani la Windows, huambiwa ni 95. Ikitaka kuandika kwenye folda isiyoruhusiwa, huelekezwa kwingine kimyakimya. Ni uongo wenye manufaa, na ulitungwa kwa ajili ya programu za Windows ambazo prosesa mpya inaziweza, ila zenyewe ni kaidi kuhusu jina la mfumo zilimo. Programu za DOS hazifiki hata kwenye hatua ya kuuliza. DOS, mfumo uliotangulia Windows, iliandikwa kwa ajili ya ukoo wa prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, ya biti 16, na tatizo linaanzia hapo, chini kabisa ya Windows.

Mwaka 1985 Intel walitoa prosesa ya 386, wakaiwekea hali maalumu ya kujifanya 8086. Windows za biti 32, kuanzia NT hadi 10, zikaitumia hali hiyo kupitia kipande chake kiitwacho NTVDM. Ndiyo maana ofisi nyingi zilivuka kutoka DOS hadi XP bila kusikia maumivu yoyote, na wakuu wake wakajenga imani kwamba Windows yoyote hubeba kila kilichotangulia. Kisha mwaka 2003 AMD walileta prosesa ya biti 64, Intel wakaufuata usanifu huohuo, na ndani yake hali ile iliachwa: prosesa ikiwa inaendesha mfumo wa biti 64, uwezo wa kujifanya 8086 haupo. Haukufichwa ili ulipie. Haukuzimwa ili mjanja auwashe. Haupo. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina kabisa toleo la biti 32.

Kwa hiyo tiki ya kompatibiliti hubadilisha kile ambacho Windows inasema. Haibadilishi kile ambacho prosesa inaweza. Nikiiita prosesa hiyo CPU hapa Mbinga najua wengi watafikiria mtambo wa kati wa kumenyea kahawa. Basi na huo unafaa: hausagi mahindi hata ukibadilisha bango la mlangoni.

Tawi la pili la dawa hiyo ni flashi ya XP. Hapa kuna ukweli kidogo, na ukweli huo mdogo ndio unaoiweka hai biashara nzima. XP ya biti 32 kwenye kompyuta ya mwaka 2008 itaendesha FoxPro bila kelele. Fundi anayeiuza ameliona hilo kwa macho yake, akaahidi muujiza huohuo kwenye laptopu iliyotoka jana. Laptopu hiyo haina draiva za XP, na huenda haiwaki tena kwa njia ya zamani ambayo XP inaitegemea. Hata ikikubali, Microsoft waliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na nakala zinazozunguka kwenye flashi zimepitia mikono ambayo hakuna anayeijua. Humo ndimo unataka kuweka majina ya wakulima na madeni yao ya pembejeo, au rejesta ya wagonjwa? Windows 10 ya biti 32 ingekuwa afadhali, maana NTVDM inayo. Lakini matengenezo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuwekea hiyo leo kama suluhisho la kudumu amekuuzia tatizo la mwakani.

Tuachane na Windows. Swali lenye maana ni hili: data ziko kwenye faili zipi, na unataka kuzifanyia nini?

Watu huamini kwamba programu ikifa, data zimekufa nayo. Wengine wameambiwa kwamba data zimefungwa na lazima zivunjwe kwa malipo. Faili ya kawaida ya DBF, ambayo ndiyo ya dBase, FoxPro na Clipper, haina kufuli lolote. Mwanzoni kuna kichwa cha baiti 32. Kisha kila safuwima ina maelezo yake ya baiti 32: jina lisilozidi herufi kumi, aina, na upana. Baada ya hapo rekodi zinafuatana, zote kwa urefu uleule, nyingi kwa maandishi ya kawaida. Ifungue kwa LibreOffice Calc, ambayo ni bure, na wakulima wako utawakuta wamejipanga kwa mistari, kilo zao pembeni. Hakuna kilichovunjwa.

Tahadhari ziko tatu, na hizo ndizo ambazo ningependa niulizwe. Kwanza, DBF peke yake haitoshi. Maelezo marefu hukaa kwenye faili jirani, yenye DBT au FPT mwishoni, na ukiiacha nyuma maelezo hayo yamepotea. Pili, kwenye programu hizi rekodi iliyofutwa haijafutwa. Hupewa alama ya nyota mwanzoni mwake na kubaki palepale mpaka mtu atoe amri ya kulifunga jedwali upya. Kuna zana zinazoiheshimu nyota hiyo na zinazoipuuza, kwa hiyo usishangae mwanachama aliyejitoa zamani akirudi kwenye orodha ya malipo. Tatu, usihariri DBF kwenye Calc kisha ukairudisha kwa programu ya zamani. Faili za faharasa, NTX au CDX, hazitakuwa na habari ya ulichobadilisha, na utafutaji utaanza kukupa majibu ya uongo kwa utulivu kabisa.

Sasa emuleta. Hii ni programu inayoigiza kompyuta nzima ya zamani, prosesa yake ikiwemo, ndani ya kompyuta mpya. Kwa kuwa haiiombi prosesa yako ile hali iliyoachwa, inafanya kazi. DOSBox, ambayo kila mtu anaitaja, ilitengenezwa kwa ajili ya michezo: toleo lake la kawaida halichapishi, wala si mahali pa kuaminika pa makarani wawili kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja. vDosPlus inalenga programu za ofisi, na DOSBox-X nayo inajua kuchapisha. Zote mbili hupokea kile ambacho programu ilikipeleka kwenye LPT1, mlango wa printa wa zamani, na kukifikisha kwa printa ya Windows.

Ila emuleta hufufua na mipaka ya zamani kwa uaminifu uleule. Kama aliyetengeneza jedwali alizipa fedha nafasi nane, nukta na senti zikiwemo, mwisho wake ni 99,999.99. Kwa bei za leo gunia moja la kahawa ya maganda linavuka hapo, na FoxPro itakuandikia nyota mahali pa tarakimu. Orodha ya wilaya bado itawaweka watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi chini ya Mbinga, kwa sababu haijui kwamba Wilaya ya Nyasa ilianzishwa 2012. Faili ya DBF huhifadhi mwaka kwa tarakimu nne, lakini kama fomu ya kuingizia ilitaka mbili, mwanachama aliyejiunga 2025 anaweza kusomeka wa 1925. Hakuna emuleta itakayosahihisha hayo, kwani kazi yake ni kuyarudisha kama yalivyokuwa. Itumie kusomea na kuvukia. Usiitumie kuishi.

Haraka haraka, basi, mnachoweza kufanya.

Nakili folda nzima kwenye vifaa viwili tofauti kabla hujagusa chochote, kisha fanya kazi kwenye nakala. Kama kompyuta imekufa na diski yake ni nzima, ichomolewe isomwe kwa adapta ya USB. Hiyo si kazi ya kupeleka Dar es Salaam.

Unataka kusoma tu? LibreOffice, hifadhi kama CSV, kisha linganisha idadi ya rekodi na jumla ya kilo na ripoti ya mwisho iliyochapishwa. Zisipolingana, simama.

Unahitaji ripoti ambazo programu peke yake ndiyo inajua kuzikokotoa? vDosPlus au DOSBox-X, mtu mmoja kwa wakati, kompyuta ikiwa kwenye UPS.

Ofisi nzima bado inaingiza data? FreeDOS, yaani DOS ya bure, ndani ya kompyuta pepe ya VirtualBox, bila intaneti, huku tarehe ya kuhama imeshaandikwa ukutani.

Una faili za PRG, yaani msimbo wenyewe wa Clipper? Harbour, bure, inaweza kukutengenezea kutokana nazo programu ya kisasa. Mtafute aliyeziandika kabla hajastaafu.

CDS/ISIS: ifungue ndani ya emuleta, itoe data kwa muundo wa ISO 2709, zigeuzwe kuwa MARC, ziingie Koha, mfumo wa kisasa wa maktaba. Epi Info 6: faili za REC zinasomwa na EpiData, bure.

Usipandishe faili hizi kwenye tovuti za kubadilisha faili. Majina, madeni na magonjwa ya watu yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayewajibika ni ofisi yako. Tena, chama kinachoingiza wanachama wake kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kinahitaji majina safi na madeni yaliyohakikiwa. FoxPro yenyewe hakiihitaji.

Ukinipigia, uwe umeifungua folda mbele yako. Nisomee herufi tatu za mwisho za kila faili: DBF, DBT, FPT, NTX, CDX, PRG, MST, REC. Nitakuwa nimeshajua la kukuambia kabla salio lako halijaisha.